Bi Subiri, Aliyekataa Kutia Sahihi Bwawa la Chumvi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliotoka makazini mkaja kukaa nasi kwenye jua hili, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani mnayemjua, asimame awasomee maisha ya dada yake, na kabla hajaanza ni vizuri mjue kwamba jana asubuhi tuliletewa kutoka ofisini kwa marehemu karatasi nyingine, imepigwa chapa vizuri, ya ukurasa mmoja, inayosema kwamba mwaka 1995 marehemu alihamia stoo kwa maombi yake mwenyewe, tukaombwa kwa heshima zote tuisome hiyo. Tulikaa kikao cha familia, tukaikataa. Hii mtakayoisikia imeandikwa na watoto wake watatu kwenye meza yake, wakiiweka katika kinywa cha huyu anayesoma, na tarehe zote tumezitoa kwenye madaftari yake, maana hakuwahi kuandika jambo bila kuandika siku.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa ndani ya uzio wa kiwanda cha matofali, ambako baba yetu alikuwa mfyatua matofali na mama yetu akiwapikia wafanyakazi. Kabla hajajua kusoma alikuwa anaujua udongo kwa meno, anang'ata kipande kidogo, kikikwaruza anasema huu una mchanga, kikiteleza ulimini anasema huu ndio wenyewe, na baba alikuwa anamwita aonje kabla shimo jipya halijachimbwa, jambo lililowakera sana kaka zetu wawili wakubwa, ambao walikuwa wameshaanza kuota ndevu na hakuna aliyewahi kuwauliza chochote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1960 hadi Desemba 1967, kisha sekondari ya wasichana ya kutwa kuanzia 1968 hadi 1971, saa moja na nusu kwa mguu kwenda na nyingine kurudi, akafaulu vizuri, ila kwenye ripoti ya mwisho mwalimu wa kemia aliandika maneno mawili, "Anabisha mno." Mama alilia. Baba alivaa koti lake la kazini, akaenda shuleni kumuuliza mwalimu kama binti anabisha akiwa amekosea au akiwa sawa, na mwalimu, ambaye alikuwa mtu mkweli, akamjibu, "Akiwa sawa, mzee, ndiyo taabu yenyewe." Baba akarudi nyumbani akamwambia mama afute machozi.

Mwaka 1972 na 1973 alisomea ufundi wa maabara katika chuo cha ufundi, darasa la watu kumi na tisa, mwanamke peke yake, na tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika maabara ya udongo ya ofisi ya ujenzi, jengo lile la bati nyuma ya gereji ya magreda. Miaka miwili ya mwanzo alipewa kazi ya kuosha sinia na kufagia vumbi la sampuli za wenzake, akaifanya bila kununa, huku anasoma kila kipimo kwa macho, na kufika 1979 alikuwa ndiye mtu wa vipimo vya mfinyanzi, yaani ule udongo mzito unaoshika maji. Hapo ndipo alipopata jina lililomfuata mpaka leo. Mfinyanzi hauna haraka, maji yanaweza kuchukua wiki nzima kupita unene wa kidole, na wahandisi walikuwa wanakuja na magari yao, injini zikinguruma nje, wanauliza majibu yako wapi, naye hata kichwa hainui, anasema, "Subiri." Wakamwita Bi Subiri kwa kumtania, akalipokea, akaliandika kwa rangi nyeupe kwenye kiti chake ili watu wasikikalie.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1977 na fundi wa mabomba, mtu mpole, mcheshi, aliyekuja maabara kuziba bomba linalovuja akaambiwa asiguse kitu mpaka maji ya kipimo yamalize kusomwa, akakaa kwenye ndoo kwa saa tatu akimtazama anavyofanya kazi. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba kuziba kule kulikuwa kazi ya dakika kumi tu, saa zilizobaki alikuwa anachumbia. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, alizaliwa tarehe 11 Mei 1979, leo ni muuguzi, wa pili kijana, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1982, leo ni mwalimu wa hesabu, na wa tatu binti, alizaliwa tarehe 25 Januari 1986, anaendesha mashine za kuchimba mitaro na hakuna mwanamume kazini kwake anayemshinda. Shemeji yetu alitutangulia tarehe 30 Juni 2012, na wajukuu ni saba, wamekaa pale mstari wa mbele.

Sasa tunafika mwaka 1995, na hapa tunawaomba mvumilie, kwa sababu hapa ndipo karatasi ya ofisi ilipoandika mstari mmoja.

Mwezi Machi mwaka ule kiwanda cha ngozi kilipewa ruhusa ya kuchimba bwawa la maji machafu pale juu ya mteremko, na sisi sote, pamoja na marehemu na watoto wake, tulikuwa tunaishi chini ya mteremko huohuo, tukichota maji kwenye visima saba ambavyo wengine wenu mlivichimba kwa mikono yenu. Ngozi mbichi huhifadhiwa kwa chumvi nyingi, kwa hiyo maji yanayotoka kwenye kuziosha ni ya chumvi kali, na mpango ulikuwa kuyafungia bwawani juu ya sakafu ya mfinyanzi ulioshindiliwa. Sampuli za mfinyanzi huo zikaletwa kwa Bi Subiri, akazipima kwa maji ya bomba kama fomu ilivyoelekeza, na kwa siku tisa hayakupita maji ya kujaza hata kifuniko cha soda. Mhandisi wa mradi alifurahi, akataka fomu ijazwe siku hiyohiyo. Dada akamuuliza, "Haya maji ya bomba ndiyo yatakayokaa bwawani?" Mhandisi akacheka, akasema, "Maji ni maji, mama."

Kwa wale ambao hawakuwahi kukaa jikoni kwake wakaelezwa, na tunajua si wengi, jambo lenyewe ni hili. Mfinyanzi una vinjia vyembamba visivyoonekana kwa macho, na maji yanapita humo kwa kusukumwa au kwa kuvutwa. Kusukumwa kila mhandisi anakujua, maji yakijaa upande mmoja, uzito wake unayasukuma kuelekea upande wenye maji machache, na hesabu yake ipo vitabuni. Kuvutwa ndiko kulikokuwa kumesahauliwa, ukiweka maji matamu upande mmoja wa mfinyanzi na maji ya chumvi upande wa pili, udongo unaikawiza chumvi lakini maji unayaachia, basi maji matamu yanasogea yenyewe kuifuata chumvi iliko, hakuna anayeyasukuma, hata kupanda juu yanapanda. Na baya zaidi linakuja polepole nyuma ya hilo, udongo unanyonywa unyevu wake, chumvi nayo inapenya hatimaye, mfinyanzi unasinyaa, unaachana, na zile njia nyembamba zinakuwa nyufa, halafu ule uzito wa maji uliokuwa umezuiwa unapata mlango.

Tarehe 2 Mei 1995 alichukua dumu la lita ishirini, akaenda mwenyewe kiwandani akaomba maji ya kuoshea ngozi, mlinzi akadhani ni kichaa, akampa. Akaweka kipande cha mfinyanzi uleule katikati ya chemba, yaani chombo cha kupimia chenye vyumba viwili, maji ya bomba huku, maji ya ngozi kule, yakiwa usawa mmoja, na daftari lake linaonyesha kwamba siku ya nne maji ya upande wa chumvi yalikuwa yamepanda upana wa kidole, siku ya kumi na mbili vidole vitatu, na siku ya arobaini na moja kipande kikaachana na ukuta wa chemba, maji ya ngozi yakapita kama yanayoitwa.

Tarehe 11 Julai 1995, saa nne asubuhi, aliitwa ofisini, akakuta mezani fomu yenye majibu ya maji ya bomba tu, na mstari wa sahihi yake umewekewa alama ya msalaba kwa penseli ili asipotee. Alikuwepo mhandisi wa mradi, na mkuu wa maabara, ambaye kazi alifundishwa na dada huyuhuyu. Mkuu wa maabara akamwambia kwa upole, "Dada, inatakiwa sahihi tu." Akamjibu, "Fomu inataka sahihi, na kilichoandikwa humu si sahihi. Andikeni vyote viwili, nitatia hata mara mbili." Wakamwambia kipimo cha pili hakikuagizwa na mtu. Akaweka kalamu mezani, akasema ana sinia za kuosha, akatoka. Sahihi ilitiwa na mtu mwingine, na tarehe 1 Agosti 1995 marehemu alipewa barua ya kuhamia stoo ya vifaa, kupanga koleo na sururu, jengo lisilo na dirisha. Maombi yake mwenyewe hayakuwepo. Barua tunayo, ina muhuri, na atakayetaka kuiona aje nyumbani.

Kuna jambo ambalo watoto wake walisema linaweza kuachwa, lakini huyu anayesoma ameomba lisomwe, kwa kuwa limemkaa kifuani miaka ishirini na minane. Jioni ya siku ile ya Julai dada alipitia kwenye cherehani ya mdogo wake, akamweleza, na mdogo wake huyu alimwambia, "Dada, si utie tu. Una watoto. Nani atajua?" Dada akachukua gauni lililokuwa linapindwa, akaligeuza upande wa ndani, akaonyesha mshono uliorukwa, akasema, "Wewe hukujua hapa?" Akaliacha, akaenda zake, na hakumsemesha kwa wiki tatu. Mdogo wake anasema leo mbele ya watu kwamba alikosea, na kwamba mshono ule aliufumua.

Stoo haikumnyamazisha. Shemeji alimtengenezea chemba nyingine kwa vipande vya mabomba yake, ikakaa jikoni kwenye rafu ya vikombe, na kwa miaka mitatu watu wa nyumba ile walipika, wakala na kufanya kazi za shule chini yake, huku wakikatazwa hata kufunga mlango kwa nguvu. Aliinua chupa ya maji ya chumvi, akaishusha, akipima ni kimo gani cha msukumo kinachoweza kuzima mvuto wa chumvi, akaandika. Shemeji alikuwa akiwaambia wageni, "Nilioa mke, nikaletewa bwawa pia." Watoto waliitwa shuleni watoto wa Mama Koleo, na yule wa tatu, mwenye miaka kumi, aliwahi kurudi na jino moja pungufu, akaulizwa na mama yake kama aliyemtania naye amepungukiwa, akasema mawili, na hapo kesi ikafungwa.

Bwawa lilijazwa Januari 1996. Mwaka ule wa kwanza maji yake yalipungua kidogo kuliko hata wahandisi walivyokadiria, wakafurahi, na mhandisi wa mradi alipita stoo makusudi akamwambia, "Bi Subiri, tumesubiri, halivuji." Akamjibu huku anapanga sururu, "Halivuji kwa sababu linakunywa. Linavuta maji kutoka chini. Likimaliza kukausha sakafu yake, utakuja tena." Aliandika barua tatu, tarehe 9 Aprili 1996, tarehe 3 Februari 1997 na tarehe 18 Agosti 1997, hazikujibiwa, na nakala zake zina alama ya chai ya shemeji pembeni.

Aprili 1998 jirani yetu wa nyumba ya kona, mama muuza maandazi, aligombana na mumewe kwa sababu chai ilikuwa na chumvi, mume akisema amechanganya makopo, mke akisema hana wazimu, wakaonja sukari, wakaonja chumvi, mwishoni wakaonja maji. Wiki hiyohiyo sabuni ikakataa kutoa povu kwenye kisima cha pili. Kufikia Agosti vilikuwa visima vitano, na watoto wadogo wakaanza kuharisha, na wamo humu wazazi waliolala hospitalini nao.

Tarehe 23 Septemba 1998 kamati ya uchunguzi ilikaa kwenye ukumbi wa ofisi. Marehemu hakualikwa. Shemeji aliazima toroli, akatandika godoro la mtoto, wakaweka chemba juu yake na madaftari sita, wakasukuma polepole kutoka nyumbani mpaka ukumbini, mwendo wa saa nzima, na majirani wakawa wanatoka majumbani mmoja mmoja wanaungana nao, wengine na ndoo za maji ya visima vyao, na hatujawahi kuona msafara wa kimya namna ile. Mlinzi alisema hawezi kuingia bila barua. Dada akamwambia, "Barua nimeandika tatu, ziko ndani, kawaulize." Akaingia.

Mhandisi wa mradi alisema chemba ya jikoni inavuja, ndiyo maana maji yanahama. Dada akawaomba watie wino kwenye chumba cha maji matamu, waone kama unatoroka popote nje, wakatia, wakakaa nayo siku mbili ikiwa imefungiwa ukumbini na funguo kwa mwenyekiti, na tarehe 25 walipofungua, nje kulikuwa kukavu, na upande wa chumvi ulikuwa umepanda. Mwenyekiti wa kamati akamuuliza, "Nani alikuagiza kufanya jaribio hili?" Akasema, "Hakuna. Ningeagizwa, lingefanyika maabara, na watu hawa wasingekuwa wamesimama mlangoni na ndoo." Kisha akawafungulia daftari la kwanza, siku ya kwanza, akaanza kusoma, na hakuna aliyemkatiza mpaka alipofika la sita.

Bwawa liliamriwa limwagwe, na likawa kavu kufikia Machi 1999. Hatutasema mambo yalirudi kama zamani, yeye asingeturuhusu. Chumvi ilikuwa imefika visima vyote saba, vinne vilipona baada ya misimu kadhaa ya mvua, vitatu havikupona, vimefunikwa kwa zege mpaka leo, na familia mbili zilihama. Hakuna aliyemwomba radhi. Tarehe 14 Mei 2001 aliitwa maabara akapewa habari njema, arudi hapo, tena kama mkuu, alimradi atie sahihi kwenye maelezo kwamba majibu ya 1995 yalikuwa sawa kwa ujuzi wa wakati ule. Aliyasoma mara mbili, akasema, "Ujuzi wa wakati ule ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kwenye kiti kile pale, kina jina langu." Akarudi stoo kwa miguu yake, akakaa huko mpaka alipostaafu tarehe 6 Machi 2013, miaka kumi na saba na nusu ndani ya jengo lisilo na dirisha, na iwapo mtu atawaambia alijifungia humo kwa kupenda, mwambieni dada huyu alipenda maabara yake kuliko kitu chochote ukiondoa watu wake, na aliilipia kauli yake kwa kitu hicho hasa.

Lakini stoo ile ilikuwa na wanafunzi. Mafundi wapya wa maabara walikuwa wanakuja kuazima koleo wasilolihitaji, wanakaa saa nzima, na wanne kati yao wako hapa leo, wamebeba jeneza. Na fomu ya kupima mfinyanzi inayotumika pale ofisini tangu 2004 ina mstari ambao haukuwepo, unaouliza ni maji gani yaliyotumika katika kipimo, na ni maji gani yatakayokaa juu ya udongo. Jina lake halipo kwenye fomu hiyo. Mstari ni wake.

Mwezi Oktoba 2019 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikawa inavimba. Daktari, kijana mzuri, alimketisha akamweleza kwamba apunguze chumvi kwa sababu chumvi huvuta maji mwilini, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwanangu, umeeleza vizuri, ila umesahau msukumo," na alipotoka pale, daktari ndiye aliyekuwa ameandika maelezo kama mwanafunzi. Alilazwa mara tano. Mara ya mwisho, tarehe 8 Novemba 2023, aliletewa fomu ya ruhusa ya matibabu, akaisoma yote, ukurasa wa mbele na wa nyuma, akaomba sentensi moja irekebishwe, ikarekebishwa, akatia sahihi. Alifariki tarehe 17 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodi namba nne, kitanda cha dirishani, mkono wake ukiwa umeshikwa na binti yake wa kwanza, na wa tatu amesimama miguuni na buti zake za kazini.

Familia inamshukuru daktari wake na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule wa zamu ya asubuhi aliyemsukuma kwa kiti cha magurudumu kila siku mpaka kwenye mwanga. Tunawashukuru majirani wa mteremkoni, mliomsindikiza na ndoo mwaka ule na mmemsindikiza tena leo, na mama wa maandazi, ambaye tangu juzi hajaketi. Tunawashukuru wenzake wa kazini waliokuja kwa nafsi zao. Ofisi nayo tunaishukuru kwa viti na turubai, tumevipokea kwa mikono miwili, na karatasi yao iko kwenye bahasha pale kwa kaka mkubwa, wataondoka nayo. Aliyetia ile sahihi badala yake yuko hapa, tumemwona, alifika mapema akabeba maji jikoni, tunamwambia akae, ale, ni mgeni wetu, ila tulichosoma hatukifuti.

Dada, mara mbili uliletewa amani kwenye karatasi, ukaombwa uipokee kwa kutia sahihi tu, ukaikataa. Hii ya leo haina masharti. Pumzika nayo.